Kumnyooshea Mama Kidole

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Tumeingia! Jina la ekipe, timu yetu, limekubaliwa, picha zetu nne ziko kwenye ukurasa wa mashindano, na mimi nimecheka peke yangu pale kibandani kazini, barabara ya Lumumba, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama fotokopi yake ina kichekesho. Nikamwambia hapana, baba, karatasi yako ni nzuri. Nikamtolea kopi mbili za bure kwa furaha. Bosi asijue.

Mchezo wenyewe unaitwa Quatre Maisons. Sisi tunasema Nyumba Nne. Ni karata za kwenye telefone, watu wanne, na hakuna anayemshinda mwenzake – tunajenga wote ama tunaanguka wote, na ekipe iliyopandisha karata nyingi inaitoa nyingine. Kuna nyumba nyekundu, ya njano, ya kijani, ya buluu. Kila moja inaanza na msingi, yaani moja, inapanda hadi paa, yaani tano. Na utamu wake ni huu: karata zako mwenyewe huzioni! Zimekupa mgongo. Unaona za wenzako tu, na wao wanaona zako. Basi kwenye zamu yako ama unamwonyesha mwenzako karata yake ya kupandisha, hilo ndilo dokezo, ama unapandisha yako, ama unaitupa; na madokezo yenyewe ni machache. Kufungua mdomo ni marufuku, mwamuzi anasikiliza.

Sheria moja zaidi: kila ekipe lazima iwe na mtu aliyepita miaka hamsini. Huyo ninaye nyumbani – Mama. Wa pili ni kaka yangu Julien, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, tutaona. Wa tatu mimi. Wa nne...

(Hapa nimeweka kalamu chini nikatabasamu kama mjinga.)

Wa nne Kasereka.

Sababu ya kweli niiandike hapa, maana pengine popote siwezi. Kasereka anataka kuleta watu wake kutoka Butembo, waje kujitambulisha kwetu. Baba alishatuacha, kwa hiyo neno ni la Mama. Na Mama tangu Pasaka anasema "tutaona". Kwake Kasereka ni "ule kijana ya pano", kwa sababu alikuja kutengeneza pano yetu ya umeme wa jua akanywa chai amesimama nje. Sasa watacheza pamoja wiki tatu! Mama atamwona alivyo mpole, alivyo na akili, na ile "tutaona" itayeyuka yenyewe. Wala hatajua kimetokea nini. Mimi ni mwerevu sana.

Jumatatu, 22 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Mama: "Nani alinigeuzia karata?!"

Tukamweleza. Akageuza telefone kuangalia nyuma yake. Julien akalala sakafuni kwa kucheka.

Mama amezaliwa kule Mahagi, kando ya ziwa, na anauza samaki wakavu hapa sokoni Bunia tangu sijazaliwa. Karata anazozijua ni za karatasi, zile za kupiga mezani kwa nguvu ili jirani ajue umeshinda. Basi alipopandisha karata yake ya kwanza sahihi akaipiga telefone mezani – paa! Kioo kimepata ufa. Lakini jamani, anajifunza haraka! Giza lilikuwa halijaingia na tayari ananikaripia mimi kwamba nimesahau nilichoonyeshwa.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kidole. Ukimwonyesha mwenzako karata, kwenye kioo chake kinatokea kidole kikubwa cha njano, kinagonga ile karata, na chini yake jina lako. TINA, kidole. JULIEN, kidole. Julien anakitumia kama mtu anayefukuza kuku.

Kasereka alicheza kutoka kwake. Vizuri sana, taratibu. Mama hakusema chochote juu yake. Si kitu, ndiyo kwanza tumeanza.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumeshinda mechi ya kwanza! Tumewatoa watu wa Kindu, kwa unywele mmoja lakini tumewatoa. Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye mlango, bado nacheka.

Ila kuna jambo. Kasereka amenionyesha mimi. Amemwonyesha Julien. Mama hakumwonyesha hata mara moja! Na Mama, asipoonyeshwa kitu, anachukua karata ya mwisho kushoto na kuitupa – kwake kilichokaa bila kazi kitoke, kiachie kingine nafasi. Hivyo ndivyo alivyotupa paa la kijani. Paa! Kasereka alikuwa analiona waziwazi, dokezo tulikuwa nalo, hakulitumia. Kwenye kamera nilimwona amefumba macho.

Julien anasema labda kidole chake kimekufa. Kesho nitakiuliza.

Jumapili, 28 Septemba

Nimekiuliza. Baada ya misa, njiani kurudi mtaani kwetu Saio.

"Kasereka, juu ya nini haumuonyeshi Mama?"

Akaangalia viatu vyake. "Tina. Ule ni bokilo."

"Ni karata!"

"Karata, ndiyo. Lakini kidole iko pale. Na jina yangu iko chini yake. Mi nanyooshea mama yako kidole? Mi?"

Halafu akanieleza mambo ya bokilo, yaani mkwe, huko kwao. Baba yake akitaka chumvi hamwombi mama mkwe wake. Anamwambia mtoto, mtoto anamwambia bibi, hata kama bibi mwenyewe ameipakata ile chumvi. Kupita mbele yake hapiti. Kumtuma hamtumi. Kidole? Mbuzi aliingia shambani kwa bibi, baba yake akazunguka kilima kizima kutafuta mtoto wa kwenda kumwambia, na mbuzi akala maharagwe yote.

Nimecheka mpaka nimekaa chini njiani na kitenge changu cha kanisani. Kasereka akasimama akanisubiri. Yeye hakucheka. Alisema: leo nikimunyooshea kidole, kesho nitaomba mutoto yake na kinywa gani?

Nikaacha kucheka. Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumanne, 30 Septemba

Mama kagundua! Nilidhani hataona. Anaona kila kitu yule, hata samaki aliyeoza ndani anamjua kwa jicho.

Tulikuwa tunachambua mzigo, ghafla akauliza: "Ule kijana ya pano ananiona mi mujinga? Anaonyesha weye, anaonyesha Julien, mi apana."

Ikabidi niseme. Nikamweleza yote, chumvi, mbuzi, kidole.  Mama akapanga samaki wengine kwanza.

"Bokilo?" akasema. "Na nani alimuambia mi iko bokilo yake?"

 Kweli nani? Mama hajakubali, na Kasereka ameshakaa kwenye kiti cha mkwe, ameshaanza kutomwangalia usoni.

"Muambie anionyeshe kama batu bote. Tukishindwa juu yake, asikuye tena hapa."

Nikauliza, na akikuonyesha? Mama akaniangalia kama nimeuliza kama maji yana unyevu.

"Akininyooshea kidole, nitajua hakulelewa."

Sasa hapo mtu anapita wapi? Nimekwenda nyuma ya nyumba nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Julien amenikuta akafikiri nimeumwa na siafu.

Jumatano, 1 Oktoba

Mama amesimulia soko zima. Mama Musoki, anayeuza karibu naye na ni mtu wa Butembo, amepiga makofi akasema kijana huyo amelelewa, wa hivyo siku hizi hawapo. Mama amerudi nyumbani amekasirika kwamba Mama Musoki anamsifu. Kisha akarudia ile sifa neno kwa neno, mara mbili, mara ya pili akiwa amenyoosha shingo.

Jumamosi, 4 Oktoba

TUKO FINALI!!!

Ngoja nipumue. Nianze mwanzo.

Ni Julien aliyepata dawa, nani angeamini. Kupatana mbinu kabla ya mechi kunaruhusiwa, ndani ya mechi ndipo hakuruhusiwi. Basi akasema: kwa akina Kasereka anayepeleka neno kwa bibi ni mtoto, si ndiyo? Mimi nitakuwa mtoto. Kasereka akiona Mama ameshika kitu cha maana, anagonga karata yangu ya mwisho, na mimi nakwenda kumwonyesha Mama. Anazunguka kilima, lakini safari hii mbuzi hali maharagwe!

Tunapoteza madokezo mawili pale wengine wanatumia moja. Lakini Kasereka alivyofurahi! Kidole chake kikafufuka. Gonga Julien, Julien agonge Mama, Mama apandishe karata – telefone mezani, paa! Watu wa Bukavu waliokuwa dhidi yetu walicheza haraka haraka, wakaangusha kuta zao wenyewe. Sisi polepole, polepole, nyumba tatu zikafika paa. Mwamuzi, dada mmoja wa Goma mwenye sauti nzuri, alisema hajawahi kuona ekipe yenye heshima hivyo. Mama akamjibu kwenye mikro kwamba asante, na samaki anao wa bei nzuri.

Kasereka alikuja baadaye kutupongeza. Akasimama mlangoni. Mama yuko jikoni, hatua chache tu, ananiambia mimi: "Uliza ule kijana kama anakulaka samaki." Kasereka, ananiambia mimi: "Muambie Mama ndiyo, asante sana." Mama: "Muambie aikale pa kiti." Kasereka: "Muambie Mama niko muzuri hapa." Na mimi katikati, nimekuwa antena! Wote wawili wanajizuia kucheka, nimewaona. Kasereka alikula sahani mbili, amegeukia nje, Mama asimwone akitafuna.

Alipoondoka nikamsogelea Mama. Sasa Mama, watu wa Butembo waje?

"Tutaona."

Lakini aliisema kwa sauti nyingine, naapa.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa. Balaa tupu.

Wametuma defi ya finali. Finali kila mara ina sharti lake la ziada, nilijua, lakini si hili! Hili ndilo: kila mchezaji anaweza kumwonyesha jirani yake wa kushoto TU. Viti vinapangwa na mashine, na mashine imeshapanga. Mimi namwonyesha Kasereka. Julien ananionyesha mimi. Mama anamwonyesha Julien.

Na Kasereka anamwonyesha Mama.

Yeye peke yake! Hakuna mtoto wa chumvi, hakuna njia ya kuzunguka. Nimeisoma mara nyingi nikitumaini nimeielewa vibaya. Julien alicheka mpaka akapata kwikwi, nikamtupia kandambili.

Kasereka amempigia simu baba yake Butembo kumwomba shauri.  Mzee akasema wakati wake vidole vya hivyo havikuwepo. Akauliza kama huo mchezo hauwezi kuachwa. Kasereka akasema ni finali. Mzee akauliza hali ya mvua Bunia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kasereka hali chakula. Mama amesuka nywele mpya kwa ajili ya kamera. Mama Musoki na nusu ya soko wanakuja kesho kukaa uani kwetu kutazama. Nimemwambia Kasereka afanye anavyoona ni sawa, mimi sitakasirika. Uongo mtupu. Nitakasirika tu, ila sijui kwa lipi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi. Nimemwaga chai, nimevaa blauzi ndani nje, nimeigeuza. Tumeshapanga vyumba: Mama chumbani kwake, mimi saluni, yaani sebuleni, Julien kwenye ua wa jirani maana kule rezo ya simu ina nguvu, Kasereka kwenye baraza letu. Amekuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama. Na kofia! Nimemuuliza ya nini. Anasema ni ili macho yake yasikutane na ya Mama kwenye kamera.

Uani wanawake wa soko wamejaa na viti vyao. Mama Musoki amewaambia atakayepiga kelele anamfukuza, na ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Alasiri, sasa hivi! Naandika kwa haraka, mechi imesimama. Julien amekatikiwa na rezo, na mashine imetupa pause mpaka arudi. Telefone iko gotini, mikro imefunguliwa, mwamuzi anasikia hata nikikohoa. Kusema habari za karata haturuhusiwi. Kuandika hakuna aliyenikataza.

Hali ni hii. Tunacheza na Kisangani. Wao wameshamaliza, wanasubiri. Tuko sawa kabisa na wao, na tukipandisha karata moja tu, kombe ni letu. Moja! Na imebaki ile moja: paa jekundu. Liko wapi?

Liko kwa Mama. Mwisho, kushoto.

Mechi nzima Kasereka hajamwonyesha kitu. Hata mara moja! Kila zamu yake anatupa karata yake mwenyewe au anapandisha niliyomwonyesha mimi. Mama naye, bila kuonyeshwa, anatupa tu ya kushoto, ya kushoto, ya kushoto. Tumejenga sisi watatu, Mama kama mgeni wa kuangalia. Nilimsikia kupitia ukuta akiguna kila mara.

Sasa ni zamu ya Kasereka. Dokezo limebaki moja. Baada yake ni Mama, na Mama atatupa, najua atatupa, mkono wake ulishakwenda kushoto hata kabla ya pause. Kasereka anaona. Namwona kupitia dirisha, yuko kwenye baraza na jua lote la alasiri limempiga, jasho linashuka toka kwenye kofia. Hajui la kufanya. Kidole amekiweka mdomoni kama mtoto.

Afanye tu! Ni kidole cha njano! Ni picha! Mama hajakubali, kwa hiyo bado ni kijana wa pano, kijana wa pano anaweza kumwonyesha mama yeyote wa Bunia karata. Kwa kweli ndivyo ilivyo, siwezi kumwambia tu. Nadhani na yeye ndiyo kwanza amefikia hapo, maana amekaa wima. Amevua kofia. Amefuta kidole kwenye suruali. Atanyoosha! Naona usoni, atanyoosha! Moyo wangu –

Mama ameita. Kutoka chumbani, kwa sauti ya soko, mikro yote inasikia, uani wote wanasikia:

"Tina! Letea bokilo yangu kiti pa kivuli. Jua inamumaliza!"

Bokilo yangu.

Amesema bokilo yangu!!! Mama Musoki ametoa kigelegele, uani wote wamejibu, mwamuzi anauliza kuna nini, kuna nini. Mimi nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Miguu haijui ni ya nani. Butembo waje! Waje kesho! Waje na mbuzi yule yule!

Nimechukua kiti. Nimemkuta Kasereka amesimama wima na mikono ameiweka nyuma, kichwa chini kuelekea dirisha la Mama, machozi na jasho pamoja. "Muambie Mama asante," ananiambia.  "Muambie Mama asante sana."

Nimemwambia. Mama amejibu: haya, acheze sasa.

Acheze!

Julien amerudi. Pause imekwisha, saa ya mashine inakimbia, zamu bado ni ya Kasereka. Telefone iko mbele yake. Mikono bado iko nyuma, maana sasa ni mkwe kweli. Mama, si ungengoja zamu moja tu! Moja! Chumbani namsikia anaimba kidogo kidogo, karata zote zimempa mgongo, hajui ameshika nini. Ama anajua? Kasereka ananiangalia mimi, anaangalia kioo, ananiangalia mimi. Anacheka. Nataka anyooshe. Nataka asinyooshe. Mkono mmoja umetoka nyuma –